Kutoka Mbiu hadi Tahadhari: Historia Fupi ya Istilahi za Kuwaandaa Wananchi kwa Maafa

Utangulizi

Serikali inapowataka wananchi wajiandae kwa hatari ambayo bado haijatokea, chombo chake cha kwanza ni maneno. Ghala la chakula, mashua ya uokoaji na kamati ya kijiji havina faida kubwa ikiwa ujumbe haukufika, au umefika lakini haukueleweka. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi istilahi za tahadhari na maandalizi zilivyokua katika Kiswahili, hasa nchini Tanzania, na kuonyesha mahali ambapo bado zinamtatiza msikilizaji. Jambo hili lawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali, kwa kuwa wao ndio wanaosimama kati ya mtaalamu anayeijua hatari na mkulima au mvuvi atakayepatwa nayo.

Mbiu na mgambo

Kabla ya redio, habari ya hatari ilitangazwa kwa mbiu, yaani pembe iliyopulizwa ili kuwakusanya watu. Methali yasema, la mgambo likilia lina jambo. Yafaa kuzingatia kwamba sauti ya pembe peke yake haikueleza jambo lenyewe. Iliwatoa watu majumbani, wakakutana, wakalisikia jambo kutoka kinywani mwa mtu, na asiyeelewa akauliza.

Neno mgambo limebadilika tangu hapo. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulisisitiza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma, na jeshi la mgambo likapata nafasi kubwa katika vijiji na sehemu za kazi. Hivyo neno lililokuwa jina la wito likawa jina la wale wanaouitikia. Kijana wa leo akisikia mgambo humfikiria askari, wala haikumbuki pembe.

Wakati wa ukoloni wa Kiingereza maandalizi ya njaa yalitolewa kwa lugha ya amri. Wakulima wa Tanganyika walilazimishwa kulima muhogo uwe akiba ya miaka mibaya. Muhogo uliwafaa wengi, lakini mtu aliyelima kwa kuogopa adhabu hakuhesabu kwamba amejiandaa. Alihesabu kwamba ametii.

Redio na vikundi vya kusikiliza

Badiliko kubwa lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Haikuwa kampeni ya redio tupu. Wananchi walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya, kama vile kuchimba vyoo au kufukia madimbwi. Katika miaka hiyo hiyo ukame uliipata nchi, chakula kikaagizwa kwa wingi kutoka nje, na mwaka 1974 ukatolewa wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Majina ya kampeni hizo yanastahili kuchunguzwa na kila mtunzi wa istilahi. Yote yameundwa kwa maneno ambayo mtu asiyejua kusoma aliyatumia kila siku. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya kufa na kupona. Tena majadiliano ya kikundi yaliirudisha ile kazi ya zamani ya mbiu: watu walikutana, na waliweza kuuliza.

Maafa, dharura na hatari

Lugha ya sheria ilishika njia nyingine. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya kuratibu misaada ya maafa. Mkazo wa jina hilo ulikuwa katika misaada, yaani jambo linalofanywa baada ya watu kuumia. Sheria ya 2015, na baada yake Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, ziliweka usimamizi mahali pa misaada. Chini ya neno usimamizi huorodheshwa kuzuia, kupunguza madhara, kujiandaa, kukabili na kurejesha hali. Badiliko hili si la jina tu. Mwananchi aliyezoea kwamba maafa huleta misaada atangoja gunia la unga, ilhali anayejua kwamba maafa husimamiwa ataweza kudai mfereji uzibuliwe kabla ya masika.

Hata hivyo maneno yenyewe bado hayajatengana vizuri. Maafa, wingi wa afa, ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni madhara yaliyokwisha kumpata mtu. Wataalamu huhitaji neno jingine kwa kile kinachoweza kuleta madhara, na mara nyingi huchagua janga. Lakini magazeti, ya Tanzania na ya Kenya, hutumia janga na maafa kwa maana moja. Mto uliofurika porini pasipo na watu ni janga katika daftari la mtaalamu, bali si maafa. Msikilizaji wa redio hapewi tofauti hiyo.

Vivyo hivyo Katiba ya 1977, katika ibara ya 32, yatumia hali ya hatari kwa tangazo ambalo katika mazungumzo ya siku hizi huitwa hali ya dharura. Nchini Kenya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 yakumbukwa kwa vizuizi na kukamatwa kwa watu. Mfasiri anayetaka kuwaita wananchi wahame bondeni hana budi kukumbuka kwamba kwa wazee wengine maneno hayo ni habari ya askari, si ya mvua.

Ngazi za tahadhari

Mfano ulio hai zaidi watoka katika utabiri wa hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu zenye rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Mpango huu una sifa njema, kwa kuwa maneno ni machache na rangi humsaidia asiyesoma. Kasoro yake ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida angalizo na tahadhari hazipandani. Mtu akiambiwa achukue tahadhari anapovuka barabara, hafikirii kwamba amepanda ngazi moja juu ya angalizo. Neno onyo, ambalo asili yake ni kumfanya mtu aone, lina uzito ambao tahadhari imeupoteza kwa kutumiwa mno.

Neno wastani latatiza zaidi. Katika utabiri wa msimu, mvua za wastani ni mvua zinazolingana na kawaida ya mahali kwa miaka mingi. Katika taarifa ya siku chache, athari za wastani ni zile zilizo kati ya ndogo na kubwa. Kwa mwananchi, kitu cha wastani ni kitu kisichotisha. Mkulima wa bondeni anayesikia wastani hulala usingizi, na huenda mvua ya kawaida ya mahali pake yatosha kuibeba nyumba yake.

Maneno yafikayo baada ya tukio

Mvua kubwa za 1997 na 1998 ziliingiza neno elnino, na watu wengi hulitumia kwa mvua yoyote ya kupita kiasi. Neno tsunami lilijulikana baada ya mawimbi ya 26 Desemba 2004, yaliyoua watu hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Siku hiyo, huko Mombasa, polisi waliwaondoa watu fukweni baada ya habari kuwasili kutoka Asia. Kilichowaokoa ni amri iliyo wazi: tokeni majini.

Ugonjwa ulioenea duniani mwaka 2020 watufundisha jambo la kutia moyo. Barakoa, neno la pwani kwa kitambaa cha kufunika uso wa mwanamke, lilipewa kazi mpya na likashika mara moja. UVIKO-19 nalo liliundwa kwa maneno ya Kiswahili. Bali ilibidi maneno hayo yatafutwe huku watu wakiugua.

Hitimisho

Kutokana na historia hii yafaa mambo matatu yafikiriwe. Kwanza, istilahi za maafa zitungwe na kusanifishwa kabla ya tukio, na zijaribiwe kwa wasikilizaji wa vijijini kabla ya kuchapishwa. Pili, kila ngazi ya tahadhari iambatane na kitendo kimoja kinachotajwa waziwazi: subiri, hama, usivuke, usiende baharini. Tatu, neno moja lisibebeshwe maana mbili katika taarifa za chombo kimoja, na wastani liwe la kwanza kushughulikiwa. Walimu nao wanaweza kuanza bila kungoja, kwa kuwasomea wanafunzi taarifa ya hali ya hewa na kuwauliza swali moja tu: je, umeambiwa ufanye nini?