Bendera ya Shangazi

Pale Kengeleni, Mombasa, kengele yenyewe bado ipo, ingawa wengi wetu tunapajua kama steji tu ya matatu. Freretown ilianzishwa hapo mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa utumwani, na kengele, kama tulivyosimuliwa, ililizwa wateka watu walipokaribia. Yaani adui alikuwa mtu wa kuonekana kwa mbali.

Baharini mambo yalikuwa mengine. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa 1873, na meli za kivita za Waingereza zikaendelea kuwinda majahazi ya watumwa. Baadhi ya wenye majahazi wakapandisha bendera ya Ufaransa, kwa kuwa Wafaransa hawakukubali Mwingereza apekue vyombo vyao. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa HMS London alilisogelea jahazi lenye bendera hiyo, akitaka kukagua karatasi tu. Akauawa. Ndani mlikuwa na watumwa.

Hiyo bendera imenikaa kichwani tangu binamu yangu apate "kazi ya hoteli" huko Ghuba. Aliyempeleka si jitu la sinema. Ni mama wa chama, sote tunamwita shangazi, na pasipoti alihangaika naye mpaka ikatoka. Hoteli haikuwepo. Polisi walipotuuliza huyo wakala anafananaje, tulikwama. Anafanana na sisi.

Kumbe si ajabu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2009 ilionyesha kwamba katika asilimia 30 ya nchi zilizotoa takwimu za jinsia ya wahalifu hawa, wanawake ndio waliokuwa wengi. Mpelelezi anayesubiri mwanamume mwenye makovu atasubiri sana.

Sheria yetu ya 2010, yenye kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua milioni 30, haijali sura. Inataka kitendo, njia iliyotumika na lengo. Kwa hiyo mchoro wa mhalifu wenye maana ni wa mwenendo: nani alilipa tiketi, deni lilianza lini, pasipoti ilishikwa na nani, pesa ziliingia namba gani.

Binamu amerudi. Meseji zake zote za M-Pesa tumempa mpelelezi. Shangazi bado yuko kwenye grupu ya mtaa. Wiki jana alitutumia salamu za Ijumaa, na nafasi tatu za kazi.