Filipi Mbili: Upanga wa Brutus na Upanga wa Mlinzi wa Gereza

Tunaposoma katika Injili ya Luka kwamba amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ili watu waandikwe, wengi wetu hupita haraka ili tufike Bethlehemu. Lakini jina hilo Kaisari lina historia yake, na ni historia ya damu. Kwanza lilikuwa jina la ukoo wa mtu mmoja, Julius Caesar, aliyeuawa Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K. Waliomwua hawakuwa wanyang'anyi wa njiani. Walikuwa wazee wa Baraza, watu wenye heshima, na baadhi yao rafiki zake. Walimchoma majambia wakisema kwamba wanaiokoa nchi isiwe mali ya mtu mmoja. Miaka 17 baadaye nchi ile ile ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja: Octavius, mjukuu wa dada yake Caesar, ambaye Caesar alimfanya mwanawe kwa wasia. Huyo ndiye aliyepewa jina la heshima la Augusto, na ndiye aliyetoa amri tunayoisoma kila Krismasi.

Katika insha hii tunataka kuuliza swali moja: je, nia njema huusafisha mkono unaomwaga damu? Tutaliuliza kwa kusoma vitabu viwili pamoja, tamthilia ya Shakespeare iitwayo *Julius Caesar*, na Matendo ya Mitume. Vitabu hivi havifanani, lakini vyote viwili vinafika katika mji mmoja, Filipi ya Makedonia.

Mtunzi na nyakati zake

Shakespeare aliandika tamthilia hii karibu mwaka 1599. Habari zake alizipata kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya watu wakuu, ambaye kitabu chake kilikuwa kimetolewa kwa Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare hakujifunga kwa kila jambo la historia. Caesar aliuawa katika jumba lililojengwa na Pompey, lakini mtunzi amepeleka mauaji hayo Kapitoli. Huko Filipi majeshi yalipigana mara mbili, kwa siku mbalimbali. Yeye ameyaweka yote katika siku moja.

Hata hivyo swali lenyewe hakulibadili. Uingereza wakati huo ilitawaliwa na Malkia Elizabeth, mwanamke mwenye umri wa miaka 66 asiye na mtoto, na kuzungumza hadharani juu ya mrithi wake lilikuwa jambo la hatari. Mtu akitaka kuuliza nani atawale na kwa haki gani, heri aulize habari za Roma. Ndiyo kazi ambayo vitabu vya kale vimeifanya mara nyingi: kusimulia ya jana ili wasikilizaji wapime ya leo.

Afrika Mashariki pia tuliipokea tamthilia hii kwa wakati wake. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka tena ikiwa imerekebishwa. Tukumbuke mwaka ule wa 1963 ulianzaje. Mwezi Januari Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na askari. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1964, askari wa Tanganyika wenyewe waliasi. Kwa hiyo aliyekaa na kutafuta maneno ya Kiswahili ya kueleza kuuawa kwa mtawala alikuwa mtawala mwenyewe. Alijua kishawishi cha kila upande, maana serikali yake nayo ilikuwa imepitisha, mwaka 1962, sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Hakuwa msomaji aliyesimama mbali na jambo analolisoma.

Mikono ya Brutus

Moyo wa tamthilia si Caesar, ni Brutus. Cassius ana wivu, nasi tunauona wivu wake tangu mwanzo. Brutus hana wivu wala tamaa ya fedha. Anampenda Caesar. Hata hivyo anajishawishi usiku, peke yake, kwamba Caesar akivikwa taji huenda akabadilika. Basi afadhali auawe kabla hajawa mbaya. Tuliangalie sana jambo hili. Mtu anahukumiwa kifo kwa kosa ambalo bado hajalitenda.

Kisha Brutus anatafuta lugha ya kufunika tendo. Anawasihi wenzake wasiwe wachinjaji, bali wawe kama makuhani watoao sadaka. Lakini mara Caesar anapoanguka, Brutus yule yule anawaita wenzake wainame, waoshe mikono katika damu mpaka viwikoni, watoke sokoni wakitangaza uhuru. Lugha ilikuwa ya madhabahuni, na mikono ilikuwa ya machinjoni. Shakespeare hakumchora Brutus kuwa mnafiki. Amemchora kuwa mtu mwema aliyeamini kwamba wema wake utaitakasa damu, na hapo ndipo hofu yetu ilipo, kwa kuwa wengi wetu tunafanana naye kuliko tunavyofanana na Cassius.

Yaliyofuata yanajulikana. Antonius anapanda jukwaani, anawaonyesha watu maiti na wasia wa marehemu, na mji unawaka moto. Umati unakutana na mshairi mmoja, Cinna. Wanamwuliza jina lake. Anawaambia yeye ni mshairi, si yule Cinna mla njama. Haisaidii, jina linatosha, anauawa. Katika tamthilia hili ni tukio fupi sana, lakini sisi tunaoishi katika ukanda huu hatuwezi kulisoma upesi. Mwaka 1994 nchini Rwanda watu walisimamishwa vizuizini wakaulizwa vitambulisho, na neno moja lililoandikwa pale likawa hukumu. Wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Nyamata na Ntarama. Damu ikishaitwa dawa ya nchi, hakuna awezaye kusema dozi itakoma kwa nani.

Na tendo linalofuata ni baridi zaidi. Antonius, Octavius na Lepidus wameketi mezani na orodha ya watu wa kuuawa. Lepidus anakubali ndugu yake aandikwe, kwa sharti kwamba mtoto wa dada yake Antonius naye aandikwe. Antonius anakubali, anatia alama. Kisha anamtuma Lepidus alete ule wasia wa Caesar, wautazame jinsi ya kupunguza vile vilivyoahidiwa watu. Wasia uliowaliza maskini sokoni sasa ni hesabu ya kupunguzwa. Sidhani kuna mahali pengine ambapo mtunzi ameonyesha kwa maneno machache hivyo tofauti kati ya madaraka yanapowahitaji watu na madaraka yanapokuwa yamewapata.

Filipi ya kwanza na ya pili

Mwaka 42 K.K. majeshi yalikutana Filipi. Cassius alidhani yote yamepotea, akafa kwa upanga. Brutus aliposhindwa naye akauangukia upanga. Washindi waliwagawia askari wao waliomaliza utumishi ardhi pale pale, na Filipi ikawa koloni la Warumi, mji wenye fahari ya uraia wa Roma.

Karibu miaka 90 baadaye Paulo na Sila waliingia mji huo. Sura ya 16 ya Matendo inatueleza yaliyowapata. Walimponya msichana mtumwa ambaye uaguzi wake uliwaletea mabwana zake faida. Mabwana wakaona faida imekwisha, wakawaburuta mpaka sokoni. Hawakusema habari za fedha. Walisema kwamba Wayahudi hawa wanauchafua mji wetu sisi Warumi. Hapa tena pana soko, umati, na lugha ya kuitetea nchi inayofunika jambo jingine. Mitume wakapigwa kwa bakora bila kuhukumiwa, wakatiwa gereza la ndani, miguu ikafungwa kwa mkatale.

Usiku wa manane waliomba na kuimba. Nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, na mlinzi wa gereza, akidhani wafungwa wametoroka, akachomoa upanga ajiue. Katika mji ule ule ambao Brutus na Cassius walikufa kwa upanga, mtumishi mmoja wa dola ya Roma akataka kufanya kama wao. Lakini safari hii kulikuwa na mtu wa kupaza sauti gizani kumzuia asijidhuru. Na aliyepaza sauti ni yule aliyepigwa, aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Tena kuna jambo dogo ambalo Luka hakuliacha. Saa ile ile ya usiku mlinzi aliwachukua, akawaosha majeraha yao. Brutus aliosha mikono yake katika damu ya rafiki ili nchi iwe huru. Mlinzi alitumia mikono yake kuosha damu ya watu aliowafunga mwenyewe, na usiku ule nyumba yake yote ikafurahi.

Kwa raia wa mji huo Paulo aliandika baadaye kwamba uraia wetu uko mbinguni. Tena aliwaandikia juu ya Yeye ambaye, ingawa alikuwa sawa na Mungu, hakuung'ang'ania ukuu wake bali alijifanya mtumwa. Maneno hayo yanaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka kwamba yalisomwa katika koloni lililoanzishwa na vita vya watu waliong'ang'ania ukuu.

Neno kwetu

Mwalimu Nyerere aliacha urais kwa hiari mwaka 1985. Katika uzee wake alizigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Hivyo mkono uliotupa Filipi ya Brutus kwa Kiswahili ndio uliotupa pia, kwa utenzi, Filipi ya mlinzi wa gereza.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba watawala wasipingwe. Paulo mwenyewe kulipokucha alikataa kutolewa kwa siri. Aliwataka wakuu wa mji waje wenyewe, wakiri kwamba wamewapiga raia pasipo hukumu. Alidai haki waziwazi, mchana, bila jambia. Tunachosema ni kwamba Kanisa lijihadhari linapoombwa kukopesha maneno yake ya sadaka na utakaso kwa ajili ya kumwaga damu, hata kama waombaji ni watu wema kama Brutus. Wakati wa uchaguzi unapokaribia na majina ya watu yanapoanza kuulizwa barabarani, kazi yetu imekwisha kuandikwa: kupaza sauti upanga usishuke, na kutafuta maji ya kuosha majeraha.