Ukuta Usio na Saruji

Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba wakimjengea madhabahu ya mawe, wasitumie mawe yaliyochongwa (Kutoka 20:25). Sisi tuliozoea tofali za kuchoma na saruji tunaweza kujiuliza: ukuta wa mawe yasiyochongwa unasimamaje? Historia ya Afrika Mashariki inatupa jibu.

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, nchini Kenya, yako maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga. Yalijengwa yapata karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Baadhi ya kuta zake hufikia mita 4 kwenda juu, na unene wake ni mita 1 au zaidi. Humo watu waliishi pamoja na mifugo yao, wakijikinga na maadui na wanyama wakali.

Ukitajwa ukuta wa mawe usio na chokaa, wengi huwakumbuka Wainka wa Peru. Wao waliyagonga mawe yao kwa mawe mengine magumu, wakayachonga mpaka yakashikana bila kuacha upenyo. Waashi wa Thimlich Ohinga walifuata njia nyingine. Hawakuchonga. Walilichukua jiwe lilivyo, wakalitafutia mahali panapolifaa. Walipanga safu ya nje na safu ya ndani, na katikati wakajaza mawe madogo. Palipohitaji nguvu zaidi, waliongeza mawe ya kuegemeza. Milango waliifanya mifupi na myembamba, hata aingiaye hana budi kuinama.

Kuna jambo la pili. Waliojenga mwanzo hawakukaa milele. Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana mahali hapo kwa nyakati tofauti. Aliyekuja baadaye hakubomoa ili ajenge lake. Alirekebisha palipoanguka, akaendelea kuishi. Ndiyo maana maboma hayo yalitumika hadi karne ya 20.

Tunayasema haya tukiwa Songwe, na hasa Tunduma, mji wa mpakani. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, Tanzania na Zambia. Ibada ya Jumapili huwakusanya pamoja na Wanyiha, Wandali, Wanyakyusa, Wakinga, madereva wa malori, wabeba mizigo, na akina mama wauza mchele. Wengine hukaa mwezi mmoja, wakaondoka. Usharika wa namna hii utashikamana kwa nini?

Liko jaribu la kutafuta mawe yaliyokwisha kuchongwa: mwenye duka, mwenye elimu, mwenye ahadi kubwa siku ya harambee. Hao nao ni zawadi ya Mungu. Lakini ukuta wenye sura nzuri mbele, na katikati yake ni patupu, hausimami muda mrefu. Yale mawe madogo ya katikati hayaonekani na mpita njia, wala hakuna anayeyasifu, na bado ni sehemu ya unene wa ukuta. Mbeba mizigo aombaye kimya kwenye benchi la nyuma ni jiwe la namna hiyo.

Mtume Petro anawaita waamini mawe yaliyo hai, wanaojengwa kuwa nyumba ya Roho (1 Petro 2:5). Hatukuchaguliwa kwa sababu tulikuwa tumenyooka. Tulipokelewa kwa neema, tukiwa na pembe zetu. Neema hiyo hiyo ndiyo inayotugeuza siku kwa siku, tupate kumbeba jirani naye atubebe.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kusema kwamba fulani hafai, tumtafutie kwanza mahali pake. Na palipoanguka katika kazi ya waliotutangulia, tupainue. Mlango wa nyumba hii ni mfupi. Sote tunaingia tukiwa tumeinama.