Kaboni faiba ya ndai imekwaruzika? Soma hii kabla ushike msasa

Vumbi na changarawe za njia kati ya Migori na Homa Bay hazijali ndai ni ya nani. Kama pambo zako za kaboni faiba, za dashibodi ama za vioo vya kando, zimeshika mikwaruzo, usikimbie kutoa doh ya mpya.

Kwanza jua kama ni orijino. Ingine ni plastiki imebandikwa stika tu, na hiyo ukiipiga msasa mchoro wote unaenda.

Ni orijino? Mwagia maji kidogo. Mkwaruzo ukipotea, noma iko kwa klia pekee, ile rangi angavu ya juu. Hiyo unamaliza mwenyewe. Osha na sabuni, chukua msasa wa maji namba 2000, sugua polepole ukilowesha, kisha 3000, halafu polishi ya gari. Maji yakitoka meupe uko fiti. Yakigeuka meusi wacha hapo hapo, ushafika kwa nyuzi, na hizo hazirudi.

Kashimo kadogo unajaza na tone la epoksi kwa kijiti cha meno. Iwache siku nzima ikauke ndio usugue. Epoksi huwa njano kwa jua, na huku ikweta iko karibu, so ifunike na klia ya kuzuia miale.

Vaa maski, bana, vumbi ya kaboni si ya kuvuta. Na kama imepasuka hadi nyuzi zinatokeza, tafuta fundi wa faiba, si yule wa kuchomelea bampa za plastiki.