Nakala na Uhai wa Tarihi: Kilwa, Pate na Funzo Lake kwa Kivu

Utangulizi

Makala hii inachunguza jinsi tarihi za kale zinavyosalimika hata zikatufikia. Kwa neno tarihi tunakusudia maandishi yanayosimulia habari za nchi, mji au ukoo kwa kufuata mfululizo wa watawala na miaka. Huko Ulaya na Mashariki ya Kati, kazi hiyo ilifanywa sana na watawa katika nyumba zao. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki ilifanywa na wanazuoni wa Kiislamu waliokuwa karibu na masultani. Pamoja na tofauti hiyo, swali linalowakabili wanahistoria ni moja: ikiwa mswada wa kwanza umepotea, na mara nyingi umepotea, tunachokisoma leo ni ushahidi wa nani?

Hoja yetu ni kwamba tarihi haiishi kwa kulindwa sana mswada wake wa asili, bali kwa kunakiliwa. Hata hivyo wingi wa nakala peke yake hautoshi. Nakala mia zilizotoka katika kinywa kimoja ni shahidi mmoja tu, hali nakala mbili zilizopita njia mbalimbali ni mashahidi wawili. Tutaonyesha jambo hilo kwa mifano ya Kilwa na Pate, kisha tutatazama maana yake kwa eneo la Kanyaruchinya na Kivu kwa jumla.

Mfano wa nyumba za watawa

Tarihi mashuhuri ya Waslavi wa Mashariki iliandikwa mjini Kyiv mwanzoni mwa karne ya 12, na kwa mapokeo inahusishwa na Nestor, mtawa wa Monasteri ya Mapango. Mswada wake wa asili haupo. Nakala kongwe iliyosalia ni ile iliyokamilishwa na mtawa Lavrentii mwaka 1377, yaani zaidi ya karne mbili na nusu baadaye.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Yohana, askofu wa Nikiu nchini Misri, aliandika tarihi ya ulimwengu katika karne ya 7, na ndani yake mna habari za Waarabu walivyoiteka Misri. Maandishi yake ya asili yamepotea, na tafsiri ya Kiarabu iliyofuata nayo imepotea. Kilichobaki ni tafsiri ya Kigeezi iliyofanywa kutoka katika Kiarabu hicho mwaka 1602, ikahifadhiwa na Wakristo wa Ethiopia. Basi habari za Misri zilisalimika kwa sababu zilihama nchi, zikabadili lugha mara mbili, na zikapata watu wa kuzithamini mbali na kwao.

Kilwa: njia mbili za habari moja

Tarihi ya Kilwa ni miongoni mwa maandishi ya kihistoria ya zamani kabisa yanayojulikana kutoka katika mwambao wa Waswahili. Jina lake la Kiarabu ni Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, yaani kitabu cha kuliwaza kinachohusu habari za Kilwa. Mwandishi hakutaja jina lake, lakini alitaja siku aliyozaliwa, ambayo ni sawa na mwezi wa Mei mwaka 1499. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka sita Wareno wa Francisco de Almeida walipouteka mji wake mwezi wa Julai mwaka 1505 na kujenga ngome. Wareno waliiacha ngome hiyo mwaka 1512. Mtu huyo aliyekulia katika mji ulioshindwa ndiye aliyeandika habari za enzi ya mji huo. Alikusudia sura kumi; zilizotufikia ni saba tu.

Mswada alioandika kwa mkono wake haujulikani ulipo. Tulicho nacho ni nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 na kufika London kwa njia ya Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko. Nakala hiyo, ambayo leo imo katika Maktaba ya Uingereza, ilichapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Kati ya mwandishi na mnakili kuna zaidi ya karne tatu. Lau tungekuwa na nakala hiyo peke yake, mtu mwenye shaka angeweza kusema kuwa ni hadithi iliyotungwa Unguja wakati wa masultani wa Kiomani.

Lakini habari hizo zilikwisha kupita njia nyingine. Mreno João de Barros, aliyekuwa mtumishi wa serikali Lisbon na ambaye hakupata kufika Kilwa, alitoa muhtasari wa tarihi ya wafalme wa Kilwa katika kitabu chake Décadas da Ásia kilichochapishwa mwaka 1552. Njia hizi mbili hazikutegemeana. Aliyenakili Unguja hakuwa akimfuata Barros, na Barros alikufa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya nakala ya Unguja kuandikwa. Basi pale masimulizi hayo yanapokubaliana, tunajua kwamba jambo hilo lilisimuliwa Kilwa kwenyewe kabla ya katikati ya karne ya 16.

Yanakubaliana katika mengi. Yote mawili yanasema kwamba mwanzilishi wa ufalme alitoka Shiraz katika Uajemi, na kwamba alikinunua kisiwa kwa nguo. Tena mswada wa Kiarabu unahifadhi lakabu ya Kiswahili ya mfalme huyo wa kwanza, Nguo Nyingi: dalili kwamba chini ya Kiarabu cha mwanachuoni kulikuwa na masimulizi ya wenyeji kwa lugha yao. Yanatofautiana katika mengine. Mswada wa Kiarabu unasimulia baba na wanawe sita waliosafiri kwa majahazi saba, na kila moja likatia nanga mahali pake. Barros anamtaja Ali, mtoto wa mtumwa wa Kihabeshi, aliyedharauliwa na ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi, akaondoka kutafuta makao mapya. Tofauti hiyo si ndogo. Katika masimulizi ya kwanza ukoo wote ni wa Kishirazi mtupu. Katika ya pili damu ya Afrika imo tangu mwanzo. Ni dhahiri kwamba kila njia ilichukua lililowafaa waliolihifadhi.

Uchunguzi wa baadaye umeyapima masimulizi haya. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliupeleka mwanzo wa nasaba ya Kishirazi hadi mwisho wa karne ya 12. Lakini hazina ya sarafu iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 ilikuwa na sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hasan, zikiwa pamoja na dinari za Wafatimi za karne ya 11. Wataalamu wengi humchukua Ali huyo kuwa ndiye wa tarihi, na hivyo mwanzo wa ufalme ukarudi nyuma. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa chembe za urithi kutoka katika makaburi ya kale ya mwambao, Kilwa ikiwemo. Ulionyesha kwamba Waafrika na watu wa asili ya Uajemi walianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000, na kwamba upande wa akina mama ulikuwa hasa wa Kiafrika. Kwa hiyo hadithi ya Shiraz haikuwa uzushi mtupu, wala haikuwa kweli yote.

Pate: nakala nyingi, kinywa kimoja

Hali ya Pate, katika visiwa vya Lamu, ni kinyume cha hiyo. Tarihi ya masultani wa Kinabahani wa Pate inapatikana kwa Kiswahili katika nakala kadhaa. Kapteni C. H. Stigand alichapisha masimulizi yake kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner alichapisha matini na tafsiri katika miaka ya 1914 na 1915, na M. Heepe akafuata mwaka 1928. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizikusanya na kuzilinganisha.

Wingi huo unaweza kumdanganya msomaji. Inasemekana kwamba kitabu cha asili kilipotea Waingereza walipouteketeza mji wa Witu, makao ya mwisho ya Wanabahani, mwezi wa Oktoba mwaka 1890. Baada ya hapo habari zilitolewa na mzee mmoja wa ukoo wa kifalme, Muhammad bin Fumo Umar al-Nabhani, ajulikanaye kama Bwana Kitini, na karibu nakala zote zinarudi kwake. Zinapokubaliana, hazithibitishi lolote zaidi ya ukumbusho wake. Tarihi hiyo inaanza mwaka 600 wa Hijra, sawa na mwaka 1203 au 1204, lakini wanahistoria wengi wanaona kwamba utawala wa Wanabahani ulianza karne kadhaa baadaye. Hapana njia ya pili ya kuamua shauri hilo kwa maandishi, maana Pate haikupata Barros wake.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kumlaumu Bwana Kitini. Pasipo yeye tungekosa si tarehe tu, bali hata majina, vita, mashauri ya wazee na Kiswahili kilichotumika kuyasimulia. Alitenda wajibu wa mnakili. Waliokosekana ni wenziwe.

Funzo kwa Kivu

Kanyaruchinya iko kaskazini ya mji wa Goma, katika barabara iendayo Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Mlima huo ulilipuka mwaka 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Vita navyo vilileta makundi makubwa ya wakimbizi wa ndani Kanyaruchinya mwaka 2012 na tena tangu mwaka 2022, hata kambi za eneo hilo zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Mahali kama hapo, karatasi iliyo moja tu haina kinga: iwe daftari la shule, cheti cha ubatizo, hati ya shamba, au maandishi ya mzee aliyeandika nasaba ya ukoo wake.

Kwa bahati, sehemu ya historia ya Maziwa Makuu imepita njia ya mbali. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kila kituo cha misioni kiandike shajara ya mambo ya kila siku. Habari zilipelekwa Algiers na kuchapishwa katika jarida lao la kila miezi mitatu, na kumbukumbu kuu za shirika ziko Roma. Mapadri hao si watawa wa monasteri, lakini kazi yao inafanana na ile ya Lavrentii. Shajara hizo zina mvua, njaa, maradhi, ugomvi wa machifu na majina ya vijiji.

Lakini ziliandikwa kwa Kifaransa na wageni, kwa macho ya wageni. Zikiachwa peke yake zitakuwa Barros asiye na Kitab al-Sulwa. Shahidi wa pili yumo vinywani mwa wazee na katika madaftari ya familia, kwa Kinyarwanda, Kinande, Kihunde na Kiswahili, naye hajanakiliwa ipasavyo.

Hitimisho

Kwa hiyo wajibu wa vyuo vyetu ni wa namna mbili. Kwanza ni kunakili, na nakala zikae katika miji zaidi ya mmoja na mikononi mwa watu zaidi ya mmoja. Pili ni kutenganisha mashahidi, yaani kuandika habari za kila msimulizi kama alivyozitoa, pamoja na jina la aliyempokeza, bila kuwasawazisha ili wapatane. Kutopatana kwa masimulizi ya Kilwa ndiko kulikotufunulia mama wa Kihabeshi. Mtafiti anayefuta tofauti za wasimulizi wake ili apate historia moja nyofu anateketeza sehemu ya ushahidi, ijapokuwa hakuna moto uonekanao.