Njaa katika Opera ya Hänsel und Gretel: Utangulizi wa Kihistoria

Opera ya Hänsel und Gretel, iliyotungwa na Mjerumani Engelbert Humperdinck, ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Weimar tarehe 23 Desemba 1893, chini ya uongozi wa Richard Strauss. Asili yake ni ya nyumbani. Mwaka 1890 Adelheid Wette, dada wa mtunzi, alimwomba atunge muziki wa nyimbo chache za mchezo wa watoto wake. Nyimbo hizo zilipanuliwa hadi zikawa opera yenye sehemu tatu, na Wette ndiye aliyeandika matini yake.

Kutokana na asili hiyo, na desturi ya kuionesha msimu wa Krismasi, opera hii mara nyingi huchukuliwa kuwa burudani ya watoto tu. Mtazamo huo haujitoshelezi. Katika ngano iliyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812, njaa huwasukuma wazazi kuwatelekeza watoto msituni. Katika toleo la 1840 mama mzazi aligeuzwa kuwa mama wa kambo. Wette alimrejesha mama mzazi, lakini akaufuta mpango wa kuwatelekeza. Katika opera, mama aliyechoka anawakuta watoto wakicheza badala ya kufanya kazi. Katika hasira yake jagi la maziwa, tegemeo la chakula cha jioni, linavunjika, naye anawatuma msituni kuchuma stroberi. Kosa lake ni zao la ufukara, wala si la ukatili.

Je, mabadiliko hayo yaliifuta njaa? Muziki unaonesha kwamba haikufutwa. Humperdinck, aliyemsaidia Richard Wagner kuandaa Parsifal huko Bayreuth, aliipa ngano hii okestra nzito na dhamira za muziki zinazojirudia. Utangulizi unafunguliwa kwa pembe zinazopiga kiitikio cha sala. Gretel anauimba mkondo huohuo anapomtuliza kaka yake mwenye njaa kwa msemo wa baba yao. Watoto wanausali wakiwa wamepotea msituni. Mwishoni, mchawi akiwa ameangamia, jamii nzima inauimba.

Kwa hiyo, msikilizaji mgeni atafaidika zaidi akiufuata mkondo huo kuliko akiisubiri nyumba ya keki. Nyumba hiyo yenyewe ni mtego kwa sababu wanaoifikia hawajala.