Orodha ya maneno na mlango wa uzamili: kutoka Malangali hadi GRE

Leo naomba tuongee kuhusu Kiingereza, lakini sio kwa ule mtindo wetu wa kuchekana matamshi. Nataka tuongee historia.

Kila mwaka kuna vijana wenye shahada ya kwanza, wengine walimu wa sekondari, wengine wafanyakazi wa halmashauri, wanaokesha Soweto kule Mbeya au Kihesa pale Iringa na orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza. Wanajiandaa kwa TOEFL, IELTS au GRE, maana wanataka kusoma shahada ya uzamili nje na chuo kimesema bila alama fulani usisumbuke kuomba. Ada ya GRE peke yake inazidi dola 200 za Marekani. Ukishindwa, unalipa upya.

Swali langu ni hili: mtihani ule unapima nini hasa? Unapima akili ya huyo kijana, au unapima umbali kati ya shule alizosoma na kitabu cha Kiingereza? Mimi nasema umbali una sehemu kubwa, na umbali huo haukujileta wenyewe. Ulitokana na maamuzi ya watu.

Tuanzie Malangali. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungua shule pale, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Mufindi. Mkuu wa shule alikuwa W. Bryant Mumford. Yeye alitaka elimu ijengwe juu ya mila za wenyeji: wazee washirikishwe, ngoma zichezwe, vijana warushe mikuki. Alikuwa akifuata upepo wa wakati ule. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ya Marekani ilipita Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ya Mwafrika ifanane na maisha yake ya kijijini.

Ukisikia haraka haraka unaweza kupiga makofi: kumbe kulikuwa na Mzungu aliyeheshimu mila zetu! Lakini geuza shilingi uone upande wa pili. Aliyetaka ukarani wa maana au nafasi Makerere alihitaji Kiingereza, na mlango ule haukufunguliwa kwa ngoma wala mkuki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Iringa mjini ikapata St Michael's and St George's, shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Huko hakuna aliyeshauri kwamba Kiingereza kitolewe kwa kijiko. Shule hizo mbili zinatenganishwa na miaka 30 hivi, lakini fikra ya kugawa elimu kwa rangi ilikuwa ile ile. Baada ya uhuru shule hiyo ya Wazungu ikageuka kuwa Mkwawa, na tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha walimu.

Ukaja mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Uamuzi huo siulaumu hata kidogo. Mtoto wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, wa Kisafwa kutoka Mbeya na wa Kihehe kutoka Kalenga wote walianza kusoma kwa lugha waliyoweza kuelewana. Tatizo ni kwamba sekondari ilibaki na Kiingereza. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili kwa miaka 7 anaingia kidato cha kwanza, na Jumatatu moja asubuhi anaambiwa ile ile sayansi sasa ni kwa Kiingereza.

Aliyejaribu kuziba pengo hilo ni mtu wa nyanda zetu hizi hizi. Jackson Makweta, mbunge kutoka Njombe (wakati ule ikiwa ndani ya mkoa wa Iringa), aliongoza tume ya rais kuhusu elimu iliyotoa ripoti yake mwaka 1982. Tume ilipendekeza Kiswahili kianze kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Serikali ikakataa. Kinachochekesha na kuliza kwa pamoja ni kwamba mwaka 1983 Makweta mwenyewe, akiwa waziri wa elimu, ndiye aliyetangaza kuwa mabadiliko hayo hayatakuwepo. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akasema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia.

Mwaka huo huo wa 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Waliwapa habari za kusoma zilizofutwa baadhi ya maneno ili wajaze wenyewe. Matokeo yalitisha: hata chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio wangeweza kusoma kwa urahisi vitabu vyepesi vya masomo yao. Serikali ya Uingereza ikagharamia mradi wa kufundisha Kiingereza, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuleta sekondari vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, wanafunzi wasome kwa wingi.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Dawa waliyoiona haikuwa orodha ya maneno. Ilikuwa kusoma kurasa nyingi.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa uzamili. Zile fotokopi za maneno magumu ya GRE zina asili yake. Zamani mtihani huo uliuliza neno na kinyume chake, au uhusiano wa jozi za maneno, na aliyekariri alivuna. Maswali hayo yaliondolewa Agosti 2011. Siku hizi neno linaulizwa likiwa ndani ya sentensi na aya, na TOEFL na IELTS nazo zinataka uelewe habari kwa muda mfupi. Kwa hiyo anayekariri fotokopi ile usiku kucha anajiandaa kwa mtihani uliokwisha kufa.

Ushauri wangu? Soma kila siku kurasa chache za fani yako kwa Kiingereza. Ukikuta neno geni, kisia maana kwanza kutokana na sentensi, ndipo ufungue kamusi, ile ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili ya 1996 inafaa kabisa kuanzia. Kisha chukua aya moja uieleze kwa Kiswahili. Ikikushinda kuieleza, hujaielewa, hata kama kila neno unalijua. Nyerere, aliyehitimu Edinburgh mwaka 1952, alikuja kufanya zoezi hilo kwa kiwango cha juu: mwaka 1963 alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare.

Lakini juhudi za mtu mmoja mmoja zisitufanye tusahau deni. Sera ya elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote. Sekondari zimeendelea na Kiingereza, na maktaba nyingi za shule bado hazina vitabu vya kutosha kumfanya mtoto akizoee. Ukichagua lugha ya kufundishia, leta na vitabu vyake. Vinginevyo unamwachia kijana wa miaka 27 alipe kwa dola kile ambacho shule ilipaswa kumpa akiwa na miaka 14.

Haya, nimemaliza yangu. Nyie mliopita Malangali, Tosamaganga, Loleza na Sangu, hebu tuambieni: mlikuwa mnasoma vitabu gani vya Kiingereza nje ya darasa, na mlivipata wapi?